Babu hakuwa anatoroka, alikuwa anawahi mazoezi

Na Mwandishi Wetu, Marangu

SAA kumi kamili jioni. Hapo ndipo babu alipokuwa anaanza "fujo".

Asubuhi yote anakuwa mtulivu. Amekaa kwenye kiti chake pembeni ya migomba anaota jua, ukimpa mtori anakula, ukimpa shikamoo anaitika. Ikifika saa kumi anasimama, anavaa koti, anafunga kamba za viatu (hizo hakosei hata siku moja) na kushika njia ya kwenda barabarani. Ukimzuia anakusukuma. Ukimshika mkono anapiga kelele. Mara mbili amekutwa njiani peke yake, kiza kimeingia, mvua inanyesha, hajui nyumbani ni wapi.

Familia ikakaa kikao. Mnajua vikao vya kwetu, aliye mbali zaidi ndiye anayeongea zaidi. Wa Dar es Salaam akasema mzee afungiwe ndani. Wa Arusha akasema itafutwe dawa ya kumtuliza. Akatokea na wa kunong'ona kwamba kuna ugomvi wa mpaka wa kihamba haukuisha vizuri enzi hizo, huenda mzee kachezewa. Mwisho likapita la kufuli.

Nilikuwepo na niliunga mkono. Tena kufuli lenyewe nililinunua mimi, pale Marangu Mtoni.

Najua hizi ni kurasa za michezo na kuna msomaji ameshaanza kuuliza babu yangu anahusiana nini na Ligi Kuu. Nivumilie. Mpira upo, tena ndio uliotufungua macho.

'WANANISUBIRI'

Siku ya kwanza ya kufuli babu aligonga mlango karibu saa nzima. Hakutukana, alikuwa anasema neno moja tu: "Wananisubiri." Sisi tuko sebuleni tumeongeza sauti ya televisheni. Hakuna aliyeuliza nani wanamsubiri. Siku ya tatu akaanguka akilazimisha mlango, akachubuka goti na kung'oka kucha.

Ng'ambo ya mfongo anaishi mama mmoja muuguzi mstaafu. Alisikia kelele, akavuka kuja kutazama. Alimsafisha babu kidonda bila haraka, akakaa, akanywa chai. Kisha akauliza swali ambalo katika miezi yote ile hakuna daktari, ndugu wala mchungaji aliyekuwa ametuuliza.

"Zamani, saa kumi jioni, huyu mzee alikuwa anafanya nini?"

Kimya. Baba mdogo, ambaye ndiye kitinda mimba na ndiye aliyebaki na mzee kihambani, akajibu kwamba alikuwa anatoka kwenye kahawa.

"Hapana," shangazi akasema. "Hiyo ni baadaye. Mimi nikiwa mdogo, saa kumi alikuwa anakwenda mpirani."

Ikawa kama mtu amewasha taa. Babu alikuwa namba tano. Beki wa kati wa timu ya chama cha wakulima wa kahawa, miaka ya sitini mwishoni hadi sabini na kitu. Uwanja ulikuwa na mteremko (huku kwetu kipi hakina mteremko?), na mazoezi yalianza saa kumi, wakishamaliza shamba. Shangazi anakumbuka alivyokuwa anakimbia nyuma yake amembebea viatu.

Yaani mimi, mwandishi wa mpira na diploma yangu, nimehoji mabeki wa kila aina, nimekaa na makocha usiku kucha tukibishania mstari wa kuotea, na sikujua kwamba ndani ya nyumba yetu kuna namba tano. Sikuwahi kumuuliza. Kwangu alikuwa babu wa kahawa tu.

SOMA MECHI KWANZA

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita dimenshia, na aina yake inayoongoza ni Alzaima. Sio uzee. Wazee wengi wanafika miaka tisini wakiwa na kumbukumbu zao, ila kadiri umri unavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka. Ubongo unaharibika taratibu, na mara nyingi kinachotangulia kupotea ni mambo ya karibuni. Ya leo asubuhi yanafutika, ya mwaka 1970 yanabaki. Ndiyo maana mzee anaweza asijue kama amekula, halafu akakutajia kikosi kizima.

Kwa miaka mingi watu walichukulia kila anachofanya mgonjwa wa aina hii kuwa ni ugonjwa tu. Anatembea, ni ugonjwa. Anapiga, ni ugonjwa. Mwingereza mmoja, Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, alilipinga hilo na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichobadilisha namna wauguzi wengi duniani wanavyowatazama wagonjwa hao. Hoja yake, kwa lugha ya huku kwetu, ni kwamba mtangulize mtu, ugonjwa ufuate nyuma. Anachofanya mgonjwa kinatokana na ubongo ulioumia, sawa, lakini pia kinatokana na maisha aliyoishi, tabia yake, afya ya mwili wake siku hiyo, na jinsi sisi tuliomzunguka tunavyomtendea. Hilo la mwisho ndilo linalouma. Kitwood alionyesha kwamba sehemu ya kuporomoka kwa mgonjwa huletwa na watu wazima wenye nia njema kabisa, wanaomdanganya, wanaomharakisha, wanaomsema akiwa amekaa palepale kama vile hayupo.

Sisi tulikuwa tunafanya yote hayo. Na kufuli juu.

Muuguzi wetu hakutaja jina la Kitwood. Yeye alisema, "Mzee akishindwa kusema, anasema kwa mikono na miguu. Kazi yako ni kusikiliza." Mimi nikalitafsiri kwa lugha yangu kwamba kocha mzuri hamlaumu beki kabla hajatazama mechi yote. Beki ameacha nafasi yake? Tazama kwanza nani alimwita.

Kesho yake saa kumi hatukufunga mlango. Baba mdogo alivaa koti, akatoka naye. Wakatembea hadi uwanja wa shule ya msingi, si mbali. Babu akasimama pembeni ya mstari, mikono nyuma, akatazama watoto wakicheza kwa dakika kama arobaini. Kisha akageuka mwenyewe kurudi. Usiku ule alilala.

Muuguzi alituonya tusishangilie mapema. Alisema wagonjwa wengi huanza kuhangaika jua linaposhuka hata kama hawakuwahi kugusa mpira, kwa sababu ya uchovu na vivuli, na mwanga hafifu unaowafanya wasielewe wako wapi. Huku mlimani wingu likishuka mchana, saa kumi tayari ndani giza. Kwa hiyo tukaanza pia kuwasha taa mapema. Ipi imesaidia zaidi, taa au uwanja? Kwangu mimi ni uwanja, lakini mimi ni mtu wa mpira, nina upendeleo.

PANDENI! PANDENI!

Baada ya hapo ndipo mengine yakaanza kueleweka, si yote.

Watoto wakicheza uani, babu alikuwa anawasukuma mgongoni huku anafoka, "Pandeni! Pandeni!" Mama zao walikuwa wanasema mzee amekuwa mkali, hapendi watoto. Siku moja nimesimama na kikombe changu cha chai nikamtazama vizuri. Mkono wa kulia ameuinua juu. Jamani, alikuwa anapandisha mstari wa ulinzi ili mshambuliaji aotee! Nikamwita mpwa wangu mmoja nikamwambia akisukumwa apande, ndiyo kazi ya beki. Tangu hapo imekuwa mchezo wao.

La kuoga lilikuwa zito zaidi. Dada wa kazi, binti wa miaka 19, ndiye aliyekuwa anamwogesha asubuhi. Babu alimpiga kofi. La pili likamtoa damu puani, binti akafunga mizigo yake. Na nani angemlaumu?

Lakini tulipokaa tukaitazama ile picha upande wa pili, tukaona aibu. Mzee wa Kichaga, mtu wa heshima zake, anajikuta asubuhi na baridi ya Marangu mbele ya msichana asiyemjua (kila siku kwake ni mgeni) anayemvua nguo na kummwagia maji. Wewe ungefanya nini? Sasa anaogeshwa na baba mdogo, maji ya moto, jioni baada ya kutoka uwanjani. Anaambiwa, "Mzee, mechi imeisha, tukaoge." Anaingia mwenyewe. Wachezaji huoga baada ya mechi, hilo halijafutika.

Kuhusu yule binti, lipo jambo nililoshuhudia na bado linanikaba koo. Kofi lenyewe babu alilisahau ndani ya dakika chache. Lakini asubuhi iliyofuata alimwona binti amekaa na begi lake mlangoni, macho yamevimba. Akamtazama. Akaenda kwenye uzio, akachuma jani la isale, akamletea kwa mikono miwili. Msio wa huku niwaeleze kwamba kwa Wachaga isale ndiyo kuomba radhi. Ukiletewa isale huna budi kusamehe. Mtu ambaye hajui leo ni siku gani, hajui kosa lenyewe ni lipi, aliona uso wa mtu aliyeumizwa na akajua linalotakiwa. Binti hakuondoka.

Na ipo siku uwanja haukusaidia, taa hazikusaidia, maji ya moto hayakusaidia. Babu aligeuka ghafla ndani ya siku mbili, anaona watu ukutani, anatukana, halali. Ndugu wakasema sasa ugonjwa umepanda kichwani. Muuguzi akakataa. Alisema badiliko la ghafla namna hiyo usilitupie dimenshia, tafuta kinachouma. Akapimwa, akakutwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Akatibiwa, na baada ya siku kadhaa namba tano akarudi langoni kwake. Jino bovu, choo kigumu, kiu, masikio yaliyoziba, yote hayo hutoka kama "ukorofi" kwa mtu ambaye hawezi tena kusema hapa panauma.

WA KIZAZI CHAKE

Babu hayuko peke yake kwenye huu ugonjwa, na wanasoka wamo wengi. Gerd Müller, aliyeifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62, Bayern Munich ilitangaza mwaka 2015 kwamba ana Alzaima. Alifariki 2021. Ferenc Puskás wa Hungaria, mabao 84 katika mechi 85, aliondoka 2006 akiwa na ugonjwa huohuo. Familia ya Bobby Charlton iliweka wazi hali yake mwaka 2020.

Kuna Jeff Astle pia, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa vichwa. Alifariki 2002 akiwa na miaka 59 tu, na uchunguzi wa kifo chake ukasema ni ugonjwa uliotokana na kazi. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walilinganisha wanasoka wa zamani 7,676 wa Uskoti na watu wengine zaidi ya 23,000. Wanasoka walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya ubongo ya aina hii. Walipochambua nafasi uwanjani miaka miwili baadaye, makipa walikuwa sawa na watu wa kawaida, mabeki walikuwa karibu mara tano. Uingereza ilishapiga marufuku watoto wa shule za msingi kufundishwa vichwa mazoezini tangu Februari 2020.

Namba tano ya Marangu, mpira wa ngozi ulioloa mvua ya mlimani. Sisemi vichwa ndivyo vilivyomfikisha babu hapa. Wazee wengi wameugua bila kupiga kichwa hata kimoja. Ila nikiwaona makocha wa mitaani wanawapanga watoto wa miaka minane kupiga vichwa ishirini mfululizo, siku hizi naenda kuongea nao.

Na hapahapa Kilimanjaro ugonjwa huu umehesabiwa. Wilaya ya Hai, upande wa pili wa Moshi ukielekea Arusha, watafiti wa hapa nchini na wenzao wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, watu 1,198. Walikuta asilimia 6.4 wana dimenshia. Yaani kwenye kila wazee kumi na sita, mmoja. Hesabu wazee wa ibada ya Jumapili kwenye usharika wako halafu ujijibu.

Hukohuko Hai walijaribu pia tiba ya vikundi kwa wazee 34, vikao 14 ndani ya wiki saba. Hakuna kidonge. Ni kukaa pamoja, michezo ya viungo, nyimbo, kuongelea utoto, chakula, kazi za zamani. Uwezo wa akili ulipanda na mahangaiko yakapungua. Uskoti nao, tangu 2009, chama chao cha Alzaima na jumba la makumbusho ya soka pale Hampden wana vikundi ambako wazee hukaa na picha za mechi za zamani wakipiga stori.

Nikaiga. Nilichapisha picha za Taifa Stars ya fainali za Afrika za 1980, zile za Lagos, nikampelekea. Akazitazama, akazigeuza nyuma, akaniwekea kikombe juu yake. Nikavunjika moyo. Jioni, bila mpango, nikataja tu Ndola. Mwaka 1979, Stars ugenini na Zambia, ilihitaji sare ili ifuzu.

"Moja moja," babu akasema, bila kunitazama. "Tino."

Peter Tino ndiye aliyefunga! Nikamchokoza na Simba ya mwaka huohuo, iliyopigwa nne na Mufulira Wanderers nyumbani kisha ikaenda Lusaka ikapiga tano. Hapo aliinua vidole vitano na kucheka hadi akakohoa. Watani wa Jangwani mtanisamehe, mzee ni Simba na ugonjwa haujamgusa huko.

KIPA YUKO WAPI?

Kosa langu kubwa nimeliacha mwisho kwa sababu sipendi kulisema.

Babu alikuwa na rafiki, golikipa wa timu yao. Walikua pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na yule mzee alifariki zamani, mimi bado sijaanza shule. Kila siku babu anauliza, "Kipa yuko wapi?" Na mimi, mtu wa habari, mtu wa ukweli, nikamjibu: "Babu, alishafariki." Akalia. Analia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Baada ya nusu saa akauliza tena. Nikamjibu tena. Jumamosi moja nilimfiwisha rafiki yake mara tatu, nikidhani namsaidia akumbuke.

Muuguzi aliniambia kwamba habari inapotea lakini uchungu unabaki. Babu alikuwa anashinda na majonzi asiyojua yametoka wapi, na sisi tunaandika kwenye daftari "leo kaamka vibaya". Nikamuuliza, sasa nimdanganye? Akasema hapana, wala usimsahihishe. Anapomuuliza Kipa, anamkosa. Ongea naye kuhusu hilo.

Kwa hiyo sasa akiuliza namjibu, "Umemkumbuka Kipa, eh? Alikuwa anadakaje?" Na babu anasimama, kwa miguu yake hiyohiyo ya miaka themanini na, ananionyesha. Kipa alikuwa anatoka mapema. Kipa alikuwa anaogopa mipira ya chini. Kipa aliwahi kudaka penalti akiwa na homa ya malaria. Nimejua habari za timu ile kuliko za timu nyingi ninazolipwa kuziandika.

Sitaki mfikiri kwetu kumetulia. Ziko siku mbaya. Shangazi ndiye beki wa mwisho, anaamka usiku mara nne, na kwa miaka miwili hakuwahi kwenda hata harusi moja. Ilibidi kikao kingine, safari hii cha kupanga zamu, na wale wa mbali wanaoongea sana wakapangiwa kuchanga fedha ya kumlipa kijana wa kumsaidia. Mimi zamu yangu ni Jumamosi mbili kwa mwezi, nisipokuwa uwanjani.

Desemba pia ilitufundisha. Wote tunapanda, nyumba inajaa watu thelathini, muziki, mbuzi, mbege, na kila anayeshuka kwenye gari anamkimbilia babu: "Unanikumbuka? Mimi nani?" Ule ni mtihani, na mzee anafeli mbele za watu mara thelathini kwa siku. Halafu tunashangaa anajifungia chooni. Mwaka uliopita shangazi alisimama mlangoni kama mwamuzi. Wanaingia wawiliwawili, unajitaja jina lako mwenyewe na baba yako ni nani, unakaa.

Jumamosi iliyopita nilichelewa. Nilifika uwanja wa shule saa kumi na moja kasoro, nimebeba begi la kazi, nahema. Babu yuko mahali pake pembeni ya mstari na koti lake. Mpira ukatoka nje ukamgonga mguuni, akainama taratibu akauokota. Akaniona.

"Kipa," akasema. "Leo umechelewa."

Nikamwambia gari lilikaa sana Himo. Na kweli lilikaa. Akanitazama juu hadi chini, akatikisa kichwa kama nahodha, akanipa mpira.